Riziki Isiyopita Kinywani



Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia riziki za namna nyingi, na njia nyingi za kuzifikisha. Wewe ukikaa mkekani, ukanawa mikono, ukasema Bismillahi na kukata tonge, riziki yako hupita kinywani, ikashuka kooni, ikafika tumboni, wala huifikirii safari hiyo. Mimi tangu mwisho wa mwaka 2023 riziki yangu haipiti huko. Hupita katika mpira mwembamba uliotobolewa kwenye ngozi juu ya kitovu changu, ukaingia moja kwa moja ndani ya tumbo. Nimeona niyaandike niliyoyapata, kwani wako majumbani mwetu wengi wanaolishwa hivi, na wengi zaidi wanaowalisha, na kila mmoja hudhani kuwa yuko peke yake.

Mimi ni mtu wa Tanga kwa kuzaliwa. Kazi ya reli ndiyo iliyonileta Mwanza mwaka 1984, kwa njia ile ile ya gari la moshi iliyofika mji huu mwaka 1928. Nilipostaafu sikurudi pwani. Nilijenga Mkolani, kusini ya mji, upande wa barabara iendayo Shinyanga. Nyuma ya nyumba yangu yako majabali makubwa, kama ilivyo kawaida ya Mwanza, na majabali hayo yamo katika kisa hiki, nitayafikia.

Tabia moja ya pwani sikuiacha, nayo ni kahawa. Kila baada ya sala ya Alasiri tulikaa barazani, wazee wanne watano, tukanywa vikombe viwili vitatu hali kahawa bado yatokota. Tulikuwa tukijisifu kwa hilo. Aliyepuliza kikombe chake alichekwa.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 tonge la ugali lilianza kunikwama kifuani. Nikalisukuma kwa maji. Baadaye nyama ikakataa kushuka, kisha wali, kisha hata mkate uliochovywa katika chai. Nilinyamaza miezi mitano. Mara nilisema ni vidonda vya tumbo, mara nikasema ni jicho la watu, nikanywa dawa za kila aina na huku nguo zikinipwaya. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, nami nakuusia usilifuate: chakula kikianza kukukwama mara kwa mara, usingoje kikome chenyewe. Nenda ukapimwe.

Mwanangu ndiye aliyenichukua mpaka Bugando, hospitali ya rufaa iliyo juu ya kilima, ambayo watu wa Kanda ya Ziwa wameitegemea tangu ilipofunguliwa mwaka 1971. Nikapitishwa kamera kooni, kikakatwa kipande cha nyama kikapimwa, na jibu likawa kansa ya umio.

Nilikuja kujua baadaye kuwa maradhi haya yana mazoea na ardhi yetu. Ukanda wa mashariki ya Afrika, tokea Ethiopia kushuka Kenya, Tanzania na Malawi mpaka Afrika ya Kusini, unayo kwa wingi kuliko sehemu nyingi za dunia. Hutajwa tumbaku, hutajwa pombe, na hutajwa vinywaji vya moto mno. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilivitia vinywaji vilivyopita nyuzi 65 za Selsiasi katika orodha ya vitu vinavyoelekea kuleta kansa ya umio. Sisemi kuwa kahawa ndiyo iliyoniletea haya, kwani Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye. Wala kahawa yenyewe haikulaumiwa. Kilicholaumiwa ni moto wake. Nakwambia hili tu: kiache kikombe kipoe.

Daktari akasema kuwa nitahitaji mionzi, na kwamba mwili wa njaa hauwezi kuistahamili. Basi kwanza nitobolewe tumbo, niwekewe mpira, nilishwe. Ndugu msomaji, niliona haya kuliko nilivyoona khofu. Kufa nilikwisha kukufikiri, lakini kutobolewa na kumiminiwa uji kama pipa sikupata kukuwaza. Nikasema, "Nirudisheni nyumbani, nikafe kwa heshima yangu."

Mke wangu, ambaye siku zote si mwingi wa maneno, akaniambia, "Bwana, ukifa kwa maradhi tutasema ni kadari. Ukifa kwa njaa na chakula kimo ndani, mimi nitasema nini?"

Sikuwa na jibu. Nikatia sahihi.

Huenda nawe, kama mimi, ukadhani kuwa mambo haya ni uzushi wa zama hizi. Sivyo. Katika karne ya 12, huko Andalusia, alikuwako tabibu Mwislamu wa mji wa Seville aitwaye Ibn Zuhr, aliyefariki mwaka 1162. Katika kitabu chake kiitwacho Al-Taysir aliyaeleza maradhi ya umio kuziba, akashauri mgonjwa apitishiwe mrija wa madini kooni na kumiminiwa maziwa na vyakula vya majimaji. Kulitoboa tumbo lenyewe kulijaribiwa baadaye sana: Mfaransa Charles Sédillot alifanya hivyo mwaka 1849, na mgonjwa wake hakuishi. Mwaka 1979, katika mji wa Cleveland, Marekani, madaktari Michael Gauderer na Jeffrey Ponsky wakampa mtoto mchanga mpira wa tumboni kwa msaada wa kamera, bila ya kumpasua pasuo kubwa, na njia hiyo ikaenea duniani. Nilipoyajua haya haya yangu ilipungua. Nikajiona niko katika safu ndefu ya watu waliokuwa na njaa na wakatafutiwa mlango wa pili.

Sasa nije nyumbani, kwani hospitali ni siku chache tu, na nyumbani ndiko kwenye kazi.

Mlo wangu ni huu. Mke wangu na mke wa mwanangu hupika uji wa unga laini, hutia maziwa, yai lililoiva na mafuta kidogo. Au huchemsha sangara na viazi na karoti, wakavisaga katika blenda mpaka vikawa kama supu nzito. Umeme ukikatika, hutwanga kinuni. Kisha huchuja, wakachuja tena, kwani punje moja yatosha kuziba mpira. Hungoja mpaka kiwe vuguvugu. Nami huketi wima, sikubali kulala. Kwanza hupitishwa maji safi yaliyochemshwa na kupoa, kiasi cha mililita 50, kwa bomba la sindano lililotolewa kisukumio chake. Kisha chakula humiminwa kidogo kidogo, bomba likiinuliwa juu kidogo ili kiteremke chenyewe bila ya kusukumwa kwa nguvu. Kiasi cha mililita 300 kwa mlo, mara tano kwa siku. Mwisho maji tena, kuusafisha mpira. Baada ya hapo hukaa wima kama saa nzima, kwani nikilala au kuinama chakula hupanda juu, na kikiingia katika mapafu ni khatari kubwa. Kwa sababu hiyo hula baada ya sala, si kabla yake, nikapata kusujudu kwa utulivu.

Vidonge husagwa vikawa unga, vikachanganywa na maji, kimoja kimoja, baada ya kumwuliza daktari vipi vyasagika na vipi havisagiki. Ngozi inayouzunguka mpira huoshwa kwa maji na sabuni kila siku na kukaushwa. Na kinywa, ingawa hakili, hupigwa mswaki asubuhi na jioni, kwani kinywa kisichotumika huoza upesi kuliko kinachotumika.

Usiku mmoja mpira ulichomoka. Ndani ya tumbo hushikwa na kipira kidogo kilichojazwa maji, na kipira hicho kilikuwa kimekwisha maji bila ya sisi kujua. Nikaamka shuka limelowa. Tulikuwa tumekwisha kuambiwa kuwa tundu lile huanza kuziba kwa muda wa saa chache tu. Basi mwanangu alilifunika kwa kitambaa safi, akaita bajaji, tukafika hospitalini kabla ya adhana ya Alfajiri. Lau tungesema tungoje kupambazuke vizuri, tungekuwa na khabari nyingine. Lishike hilo, ewe unayemwuguza mtu wa namna yangu: mpira ukichomoka, usilale.

Hayo ndiyo ya mwili, na mwili hujifunza upesi. Nafsi yangu ndiyo iliyochelewa, na hapa ndipo ninapotaka kukuungamia.

Nilikuwa mtu mpole, au ndivyo nilivyodhani. Kumbe upole wangu ulikuwa ni shibe. Nilipoondolewa tonge, nikawa mkali kwa kila mtu. Harufu ya kitunguu kikikaangwa ilinitia ghadhabu. Siku moja mke wangu alitengeneza samaki wa kupaka kama wa kwetu Tanga, kwa nazi aliyoletewa kutoka Dar es Salaam. Nilipoisikia harufu yake niliutupa mkongojo ukutani nikasema, "Mnanifanyia makusudi!" Yeye hakujibu kitu. Akafunika chungu.

Tangu siku hiyo nyumba yangu ikawa haina harufu ya chakula. Sikuuliza kwa nini. Nilidhani wananihurumia, nikaridhika, na mimi nikawa nalishwa katika chumba cha nyuma, mlango umefungwa, nimegeuza uso ukutani mpaka bomba limalizike. Sikusema Bismillahi, wala Alhamdulillahi. Niliona kuwa hayo ni maneno ya wanaokula, na mimi sili, mimi namiminiwa.

Wiki ya tatu, au ya nne, nilitoka jioni nikajikokota mpaka nyuma ya nyumba kutafuta upepo. Magharibi ilikuwa karibu. Nikasikia kitu kati ya majabali mawili, nikadhani ni kuku. Nilipochungulia nilimkuta mjukuu wangu, mtoto wa miaka sita, amechutama gizani na bakuli la ugali na dagaa magotini. Aliponiona alilificha bakuli nyuma ya mgongo wake, akasimama.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Wafanya nini hapa?"

Akanyamaza. Kisha akasema, "Sili, babu."

Mdomo wake ulikuwa na mafuta.

Nikamwuliza nani aliyemleta kule majabalini. Akasema hapana, wote hula kule, mama na bibi pia, lakini leo wao wamekwisha maliza. "Bibi kasema tusile mbele yako."

Ndugu msomaji, mimi nimemsindikiza baba yangu kaburini, na nimeambiwa kwa kinywa cha daktari kuwa nina kansa, na sikuona lililonivunja kama lile. Mtoto wangu wa damu, katika nyumba niliyoijenga kwa jasho langu ili wao wale humo, anakula ugali mawindoni kama mwizi, tena amekwisha kufunzwa kusema uwongo, na aliyemfunza ni mimi. Nilikuwa nikimlilia Mola wangu kwa sababu ya kunyimwa chakula, na huku mimi nimewanyima wenzangu watano wasionikosea kitu. Maradhi hayakunituma kufanya hivyo. Maradhi yalichukua umio wangu tu. Ulimi wangu ulibaki salama, nami ndio nilioutumia vibaya.

Nikakaa juu ya jiwe. Nikamwambia mjukuu wangu, "Toa bakuli lako. Kula, nakutazama." Akala, kwanza kwa khofu, kisha kwa njaa ya mtoto. Nikaisikia harufu ya dagaa, nayo haikuniua.

Usiku ule nilimwomba mke wangu radhi. Alilia kidogo, kisha akaniambia, "Sikuwa nakuhurumia wewe tu, bwana. Nilikuwa nakuogopa." Neno hilo nimelibeba mpaka leo.

Siku ya pili nikawataka watandike mkeka sebuleni, wapike wanachokula wote, na mimi niletewe kiti kando ya mkeka na bomba langu na kikombe changu cha uji. Ilikuwa karamu ngumu. Hakuna aliyejua atazame wapi. Mke wa mwanangu alipotaka kuanza kunimiminia, mjukuu wangu akasema, "Babu, mbona wewe husemi Bismillahi?"

Mama yake akamkaripia. Nikamwambia mwacheni, kauliza haki. Nikasema Bismillahi. Uji ukateremka. Nikausikia uvuguvugu wake tumboni, kitu ambacho wiki zote zile sikupata kukitia maanani, nikajua kuwa nakula. Kinywa ni mlango tu, na aliyekirimiwa ni mwenye nyumba. Tumefunzwa kuwa chakula cha pamoja kina baraka, nami nilikuwa nimekikimbia kile kilichobaki katika chakula baada ya ladha kuondoka: uso wa mkeo, kelele za mtoto, na jina la Mola wako mwanzoni na mwishoni.

Kisha ukaja mwezi wa Ramadhani wa mwaka 1445, ulioangukia Machi na Aprili 2024. Nilikuwa nimefunga tangu utotoni, na nilitaka kujaribu. Nikaenda kwa sheikh wetu. Akaniuliza nakula mara ngapi, nikamweleza. Akaniuliza madaktari wasemaje nikiacha, nikamweleza. Akaniambia kuwa kinachoingia tumboni kwa mpira ni chakula, na hufunguza. Na kwamba mgonjwa asiyetarajiwa kurudi katika hali ya kuweza kufunga amepewa rukhsa ndani ya Qur'ani yenyewe, katika Suratul Baqara, atoe fidia ya kulisha masikini kwa kila siku. Kwa madhehebu yetu ni kibaba kimoja cha chakula cha mji. "Usiikatae zawadi ya Mola wako," akaniambia, "kwa kutaka kuonekana shujaa."

Basi tukapima vibaba vya mchele, na mjukuu wangu ndiye aliyevipeleka, siku kwa siku, kwa jirani yetu mjane mwenye watoto wanne. Siku ya tatu akarudi mbio akasema, "Babu, wamepika! Nimeona moshi!" Nikakumbuka kuwa mimi, nisiyeweza kumeza punje, nimewashibisha watu watano. Wakati wa futari niliwataka wanibakishie mlo wangu wa jioni hadi adhana ya Magharibi, si kwa kuwa nimefunga, ila nipate kuanza nao pamoja. Wao tende, mimi maji ya mpira. Ramadhani mbili zimenipita hivyo, alhamdulillahi.

Kabla sijamaliza, nina maneno kwa makundi mawili.

Kwa wanaozuru wagonjwa: walikuja kwangu watu wema, wakautazama mpira, wakasema mbele yangu, "Haya nayo ni maisha?" Ewe ndugu, mgonjwa anasikia. Ukiingia kwake, mtazame usoni, usimtazame tumboni. Mwulize khabari za wajukuu na za msikiti. Na kama unataka kumfaa, mletee mwuguzaji wake mkungu wa ndizi, au umpokee kazi saa mbili apate kulala, kwani milo mitano ya kusaga na kuchuja kila siku inamla mwanamke mzima mzima.

Na kwa mgonjwa mwenzangu: una haki ya kusikitika. Tonge ni neema, na aliyepokonywa neema hulia. Lakini angalia ni nani anayelipa gharama ya huzuni yako. Jioni moja toka nyuma ya nyumba yako, uangalie kama hakuna mtu anayekula majabalini. Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Mimi niliumbika upya nikiwa na miaka sabini, na aliyenifunza adabu za kula ni mtoto wa miaka sita.

Siku hizi baada ya Alasiri nimerudi barazani. Hupewa kikombe changu kama wengine, nikakishika kwa mikono miwili nikanusa, kisha nikampa aliye kushoto kwangu. Lakini wazee wale wamebadilika. Kahawa ikishamiminwa hukiweka kikombe chini, wakanitazama kidogo, wakazungumza jambo jingine mpaka moshi umalizike. Hakuna anayemcheka mwenziwe.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awalipe kheri wanaowauguza, na atujaalie kuijua neema ikiwa bado iko mkononi. Wabillahi tawfiq.